Gitaa la Besi Likitoka Safarini

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi. Mimi niliiandika mara nyingi bila kuijali, ilimradi mwalimu aione na atie alama ya vema. Maana yake nilikuja kuijua usiku mmoja wa Aprili 2024, si darasani bali kando ya barabara hapa Nakuru, mvua ikinyesha.

Usiku huo kanisa letu lilikuwa likipokea gitaa la besi. Pesa zake, shilingi 42,000, zilikuwa za harambee. Akina mama wauza mboga walitoa, vijana wa bodaboda walitoa, hata sisi wanafunzi tulileta sarafu zetu. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mpigaji besi, kwa hivyo ndiye aliyetumwa kulipokea. Nilifuatana naye nikimshikia mwavuli. Dereva wa gari la mizigo alikuwa na haraka. Aliteremsha sanduku, akatoa karatasi na kalamu, akasema, "Tia sahihi hapa, mzee, bado nina mizigo ya Eldoret." Mjomba akatia sahihi juu ya boneti.

Kesho yake tulipofungua, lo! Kichwa cha gitaa kilikuwa kimepasuka, kimebaki kuning'inia kwa nyuzi zake. Tulikwenda kulalamika. Wenye gari wakatuonyesha ile karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa: mzigo umepokelewa ukiwa katika hali nzuri. Chini yake palikuwa na sahihi ya mjomba. Kesi ikaishia hapo.

Pesa zilikuwa zimepotea, lakini kilichouma zaidi ni maneno ya watu. Kuna waliosema ati mjomba aliliangusha mwenyewe. Wengine wakanong'ona ati aliliuza lile zuri akaleta bovu. Mjomba hakujibu. Aliacha kuja mazoezini, na kwa miezi kumi tuliimba bila besi.

Basi Februari 2025 harambee ya pili ilipotimia na gitaa jingine likaagizwa kupitia kwa wakala wa Nairobi, swali lilikuwa moja tu: nani atalipokea? Mama mweka hazina akasimama akasema atalipokea yule yule. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Huyu sasa hatatia sahihi ovyo." Mimi nikapewa daftari niandike kila kitu kitakachoonekana, kwa kuwa mwandiko wangu husomeka. Makala haya yametoka katika daftari hilo.

BESI NI KITU GANI?

Huenda wengine wenu mnajiuliza gitaa la besi lina tofauti gani na gitaa la kawaida. La kawaida lina nyuzi sita. La besi aghalabu huwa na nyuzi nne, nene na ndefu, nazo huitwa E, A, D na G tukianzia ule ulio mnene kuliko yote. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde moja, wa A mara 55, wa D mara 73 na wa G mara 98. Sauti ya chini namna hiyo huisikii kwa masikio peke yake. Unaisikia kifuani, kama vile unapopanda matatu ya Njoro ambayo spika zake zimefichwa chini ya viti.

Zamani kazi hii ilifanywa na besi kubwa ya mbao iliyosimamishwa chini, mpigaji akisimama kando yake kama anayeongea na mtu. Mwaka wa 1951 Leo Fender wa California, Marekani, alileta sokoni besi ya umeme inayovaliwa begani kwa mkanda. Shingoni mwake alipanga vipande vyembamba vya chuma, ambavyo mafundi wetu huviita freti, ili kidole kikibonyeza sauti itoke kamili bila kubahatisha. Ndiyo maana akaiita Precision, yaani usahihi.

Huku kwetu besi ilipata makao mazuri. Wanamuziki wa benga kutoka Nyanza, waliokuwa wamekua wakisikia nyatiti ya nyuzi nane, waliyapa magitaa yao mdundo wa ala hiyo. Katika mji wa Kericho, kampuni ya Chandarana ilitoa santuri nyingi za benga na za waimbaji wa Kikalenjin. Na ni nani asiyeujua wimbo wa "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1978? Besi yao ilipigwa na Tom Malanga. Mtu anaweza kusahau maneno ya wimbo ule, lakini ile besi ataendelea kuivumisha mdomoni akiosha vyombo.

Sasa sikilizeni jambo moja la kisayansi, maana ukaguzi wote umesimama juu yake. Katika besi nyingi, sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa kama sentimita 86, kutoka daraja lililo kifuani mwa gitaa hadi kile kipande chenye mifereji kilicho chini ya kichwa. Nyuzi zote nne zikikazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70 hadi 80, yaani uzito wa mtu mzima. Shingo yenyewe ni mti tu, si nene kuliko mpini wa jembe kwa kiasi kikubwa. Ili isipinde, ndani yake hufichwa ufito wa chuma unaoshindana na mvuto huo. Ukumbukeni ufito huo, tutaurudia.

KASORO ZA AINA TATU

Mjomba alinifundisha kwamba gitaa lililosafiri laweza kuwa na kasoro za aina tatu: za safari, za hewa na za kiwandani. Za safari ni za kudaiwa kwa msafirishaji. Za hewa hutibiwa kwa subira na spana. Za kiwandani hurudishwa kwa muuzaji. Ole wako ukizichanganya! Ukimdai dereva kasoro ya hewa atakucheka. Ukikaza kwa spana kasoro ya kiwandani utaliharibu gitaa, na dhamana ya muuzaji itakufa siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kukagua si kutafuta ubaya tu. Ni kutambua kila ubaya umetoka wapi.

KABLA YA SAHIHI

Safari hii mjomba alikataa kuletewa mzigo usiku. Tuliufuata wenyewe Jumamosi saa nne asubuhi, jua likiwaka. Sanduku lilipowekwa juu ya meza ya kupokelea, hakugusa kalamu. Alilizunguka polepole, akagusa pembe zote nane, kisha akaliinamia kutazama upande wa chini.

Mambo ya kutazama ni haya. Je, kuna pembe iliyobonyea? Kuna tundu, kama vile limechomwa na chuma cha mashine ya kuinulia mizigo? Kuna doa la maji? Je, utepe wa kufungia ni wa rangi moja kote, au kuna mahali palipofunguliwa pakafungwa tena kwa utepe mwingine? Ukilinyanyua taratibu, kuna kitu kinachogongagonga ndani?

Sanduku letu lilikuwa zima, isipokuwa pembe moja ya upande wa kichwa ilikuwa imebonyea. Mjomba aliionyesha. Karani akasema, "Hiyo ni kawaida, mzee." Mjomba akamjibu kwa upole, "Kama ni kawaida, basi hata kuiandika ni kawaida." Akaandika kando ya mahali pa sahihi: Pembe moja ya upande wa kichwa imebonyea. Ndani hakujakaguliwa. Kisha ndipo akatia sahihi na tarehe. Nikapiga picha za sanduku na za karatasi kwa simu, na nakala moja tukaidai tukaenda nayo.

Wenzangu, maneno hayo tisa yalichukua nusu dakika kuandikwa. Yangaliandikwa Aprili 2024, hadithi ingekuwa nyingine.

LIACHE LIPUMZIKE

Tulipofika kanisani na tuktuk, vijana walikuwa wamekwisha kuwasha amplifaya. Mjomba akasema halifunguliwi mpaka kesho baada ya ibada. Mngesikia manung'uniko! Mmoja alisema ati hata maiti hufunguliwa mapema kuliko hivyo. Lakini mjomba alikuwa na sababu.

Gitaa hilo lilitengenezwa Indonesia. Lilivuka Bahari ya Hindi ndani ya kontena, likateremka Mombasa penye hewa nzito ya pwani, halafu likapanda hadi Nakuru, kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Nanyi mnaujua mwezi wa Februari hapa kwetu: vumbi, upepo mkavu, midomo inapasuka, na asubuhi ni baridi. Mti hata ukiwa umekatwa na kupakwa vanishi huendelea kunywa na kutoa unyevu. Penye unyevu huvimba kidogo, penye ukavu husinyaa. Chuma cha freti na cha ufito hakifanyi hivyo. Ukilitoa gitaa ghafla kwenye boksi lililolala baridi usiku kucha na kuliweka penye joto, linaweza kutoa jasho kama chupa ya soda, na vanishi za aina nyingine huweza kupata nyufa. Likikaa chumbani ndani ya sanduku lake, hubadilika polepole.

Hata hivyo kupumzisha si kusahau. Soma karatasi ya msafirishaji uone siku za kudai ni ngapi. Sisi tulingoja siku moja tu.

KULIFUNGUA

Jumapili saa nane mchana tulifungua. Kisu kiingie kina cha utepe tu, kisizame, maana huwezi kujua gitaa limelala karibu kiasi gani. Anza upande wa pembeni, na usiuelekeze mkono mwingine ulipo kisu. Kila kinachotoka kiwekwe pamoja: boksi, sponji, karatasi. Katoto kamoja kalikuwa kameanza kupasua ile plastiki ya mapovu, pa! pa! pa! Mjomba akainyang'anya. Ikilazimu kulirudisha gitaa, litasafiri ndani ya nini? Tena boksi ndilo shahidi. Mlalamikaji asiye na boksi hana ushahidi wa pembe iliyobonyea.

Kisha hesabu vitu. Vyetu vilikuwa waya mmoja wa kuunganishia, spana mbili ndogo zilizopinda kama herufi L, kitabu cha maelezo na kadi ya dhamana. Linganisha nambari iliyopigwa kwenye gitaa na ile ya kwenye risiti. Zikitofautiana, simama hapo hapo umpigie muuzaji.

KASORO ZA SAFARI

Anza na kichwa, maana ndicho chenye balaa. Vifundo vya kukazia nyuzi za besi ni vya chuma na ni vizito, vyote vinne viko kichwani. Sanduku likidondoka, kichwa hutaka kuendelea na safari wakati shingo imekwisha kusimama. Mahali panapopasuka ni nyuma, pale kichwa kinapoanzia.

Mjomba aligeuza gitaa. Sote tukaona. Mahali pale pale palipopasuka lile la kwanza palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Hakuna aliyesema neno. Nilimtazama mjomba usoni, nikaona jasho. Alichukua kitambaa laini, akapahohea pumzi, akapangusa. Mstari ukatoka. Ulikuwa ni gundi ya utepe tu! Nikaandika: Nyuma ya kichwa ni pazima.

Lakini mstari usipotoka je? Upitishie ukucha. Ukucha ukikwama, huenda ni ufa. Utazame kwa mwanga wa pembeni uone kama unafuata nyuzinyuzi za mti. Kisha shika kichwa na shingo, kunja kidogo sana. Mstari ukifunguka na kufunga kama mdomo wa samaki, mti umepasuka, usikaze nyuzi. Usiopanuka waweza kuwa wa vanishi tu, hasa pale shingo inapoungana na kiwiliwili, lakini upigie picha vilevile.

Baada ya hapo tazama vifundo, daraja, vishikizo vya mkanda na tundu la kuchomekea waya. Hapa ndipo tulipokipata kilichosababishwa na ile pembe. Kifundo cha uzi wa E kilikuwa kimeinama kama alizeti ya jioni. Kilizunguka, lakini kwa shida na kwa kukwama. Nikapiga picha tatu, nikaandika. Mjomba hakukinyoosha, kwa sababu chuma kilichoinama kikinyooshwa kwa koleo hukatika, na hapo mwenye kosa ungekuwa wewe.

KASORO ZA HEWA

Sasa kaza nyuzi mpaka zifikie sauti zake kwa kutumia programu ya simu au kifaa cha kupimia. Usipime shingo nyuzi zikiwa zimelegea, utajidanganya, kwa kuwa zile kilo 70 hazijaanza kuvuta.

Kupima ni rahisi, na rula yako ni uzi wenyewe. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa pili. Uzi ukinyooka hivyo, tazama katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Inafaa kuwe na nafasi ndogo kati ya uzi na freti, kiasi cha karatasi tatu za daftari zikipangwa pamoja. Nafasi ikiwa kubwa mno, shingo imepinda kwa mbele, na uzi utakuwa juu kama kamba ya kuanikia nguo. Pasipo nafasi kabisa, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwa nyuma, na noti za karibu na kichwa zitakwaruza.

Letu halikupitisha hata karatasi moja. Noti za chini zilikwaruza zote, gitaa likawa linazumbua kama nyuki. Kijana wetu wa gitaa la kawaida akapaza sauti, "Freti mbovu hizo! Rudisheni!" Mjomba akatikisa kichwa. Mkwaruzo wa freti mbovu, alisema, huwa mahali pamoja. Huu uko kwenye noti zote za upande mmoja, basi ni wa shingo, na shingo imeguswa na ukavu.

Ndipo tunapourudia ule ufito. Mwisho wake, ulio karibu na kichwa au chini ya shingo, huingia spana. Ukizungusha kuelekea anakoelekea mshale wa saa, unakaza na shingo inanyooka. Ukizungusha kinyume, unalegeza na nyuzi zinaipinda mbele kidogo. Sheria ni tatu: usizidi robo ya mzunguko kwa mara moja, kaza nyuzi upya kisha upime, na ukiona spana inakataa, acha, usitumie nguvu. Mjomba alilegeza robo moja akaliacha. Jumatatu jioni nilipotoka shule nilipitia huko nikiwa bado na sare. Karatasi tatu zilipita, na mkwaruzo ulikuwa umetoweka. Angalirudisha gitaa Nairobi, lingefika huko likakutwa halina kosa.

Kasoro nyingine ya hewa ni ncha za freti. Mti ukisinyaa na chuma kisisinyae, ncha hutokeza pembeni mwa shingo zikachoma kiganja. Fundi mwenye tupa ndogo huzisawazisha. Zetu zilikuwa zinakwaruza kidogo tu, tukaziacha.

KASORO ZA KIWANDANI

Hapa daftari langu lilipata kazi. Gitaa letu lina freti 20 na nyuzi nne, yaani noti 80, ongeza nne za nyuzi zilizo wazi, jumla 84. Nilichora jedwali, mjomba akapiga moja baada ya nyingine, nami nikatia alama. Noti inayokwaruza peke yake wakati jirani zake ni safi huonyesha kwamba freti inayofuata imeinuka. Hiyo ni ya kumrudishia muuzaji.

Letu lilipita, isipokuwa noti ya freti ya sita kwenye uzi wa G ilizimika upesi kuliko wenzake. Nilitaka kutia alama ya kosa. Mjomba akanizuia. Katika besi nyingi, hata za bei ghali, karibu na freti ya tano hadi ya saba ya uzi huo shingo hutetemeka pamoja na uzi na kuunyonya nguvu. Ni maumbile ya ala, si ugonjwa.

Kisha pima urari wa sauti. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, iliyo katikati kabisa ya urefu wake, upige upate sauti nyororo. Halafu ubonyeze pale pale upige. Sauti mbili zilingane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, sukuma kitako cha uzi huo kwenye daraja kirudi nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele.

Mwisho ni stima. Tulichomeka waya, tukawasha amplifaya kwa sauti ndogo, mjomba akapiga. Kimya! Akazungusha vifundo vyote. Kimya kabisa. Kijana mmoja akawa ameshika bisibisi tayari kufungua pikapu. Msinielewe vibaya, si pikapu ya kubebea kabichi kutoka Molo. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, nayo hugeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Mjomba akamwambia aweke bisibisi chini, akaniambia mimi nisome kitabu. Ukurasa wa nne ulisema gitaa hili linatumia betri ya volti 9. Tulifungua kijumba chake nyuma tukakuta betri imo, lakini bado imevikwa kifuniko chake cha plastiki! Tulipokivua, besi ikanguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka.

Jaribu pia kutikisa waya kwenye tundu lake na kuzungusha kila kifundo. Sauti isikatikekatike. Mvumo mdogo unaopungua unaposhika nyuzi ni wa kawaida. Lakini ukihisi mkono unawashwa kwa umeme, chomoa mara moja, usijifanye shujaa. Stima yetu ni ya volti 240. Mara nyingi kosa si la gitaa, bali ni la amplifaya au la waya wa ukutani unaopaswa kupeleka umeme ardhini. Mwite fundi wa stima kabla ya mtu yeyote kulishika tena.

MWISHO WA MAMBO

Baada ya ukaguzi niliandika barua kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja tu. Nilitaja tarehe ya kupokea, pembe iliyobonyea kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yao wenyewe, na kifundo cha E kilichoinama. Nikaambatisha picha. Hatukutaja mkwaruzo, kwa sababu ulikuwa wa hewa. Hatukutaja noti ya sita, kwa sababu haikuwa kosa. Tulidai kimoja tu kilichokuwa haki yetu. Baada ya siku tisa kifundo kipya kilifika bila malipo, na hakuna aliyebishana nasi.

Jumapili ya pili ya Machi mjomba alivaa mkanda begani akapiga besi. Mmoja wa wale waliosema ati liliuzwa alimfuata baada ya ibada akamshika mkono. Sikusikia waliyosemezana, nami sikuuliza. Jioni mjomba aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama za maji. Ilikuwa nakala ya ile ya Aprili 2024, yenye sahihi yake. Aliniambia niigundishe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya ukaguzi wenyewe. Nilifanya hivyo, na daftari sasa liko kabatini pamoja na kadi ya dhamana.

Wenzangu, si wote mtakaopiga besi. Lakini kila mmoja wetu iko siku ataletewa kalamu na mtu mwenye haraka, iwe ni kupokea darubini ya maabara, cherehani ya mama au simu ya kwanza. Zunguka sanduku kwanza. Andika ulichokiona na ambacho hujakiona. Mwenye haraka atangoja nusu dakika, hatakufa.